Nakshi za vyombo si urembo wa kubandikwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni kuhusu sanaa za mikono za Pwani. Mwandishi wake aliisifu kwa haki milango ya Lamu, kofia za vito, mikeka na viti vya enzi, kisha alipofika kwenye majahazi akatosheka na sentensi moja tu, kwamba nakshi zilizomo vyomboni ni urembo ambao mafundi huubandika mwishoni ili chombo kipendeze machoni mwa wageni. Sina ugomvi na sehemu nyingine za makala hiyo, na nyingi nilizisoma kwa furaha. Sentensi hiyo moja, hata hivyo, imebeba makosa mawili, na yote mawili yana madhara, kwa sababu wanaopanga fedha za utamaduni husoma magazeti kama sisi wengine, na kitu kikishaitwa urembo wa kubandika huwa cha kwanza kukatwa fungu linapopungua.

Kosa la kwanza ni la historia. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, pasipo msumari hata mmoja, ulikuwa ukichukua boriti kutoka visiwa vya Lamu kwenda Unguja wakati ambapo hapakuwa na hoteli wala mtalii wa kupendezwa, na bado kichwa cha omo yake, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kilichongwa, kikapakwa rangi na kutiwa macho. Waliokichonga waliwachongea mabaharia na matajiri wa papa hapa. Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nakshi ya chombo haiji baada ya chombo. Mahali itakapokaa, ukubwa wake na kina chake huamuliwa na jinsi chombo kinavyoundwa, kiasi kwamba umbo la chombo likibadilika, nakshi yake hufa hata kama mchongaji yu hai na patasi yake imenolewa vizuri. Asiyelielewa jambo hili ataendelea kutoa mafunzo ya kuchonga na kushangaa kwa nini vyombo vinazidi kuwa vitupu.

Msomaji asiyewahi kukizunguka chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu kungojea kalafati, yaani kuzibwa mianya ya mbao zake, huenda akadhani kwamba nakshi zimetawanywa popote fundi alipopata nafasi. Zina mahali pake, na mahali penyewe ni pachache. Mbele, kwenye pande mbili za omo, hukaa macho ya chombo, yaani visahani viwili vya mbao vilivyochongwa nyota na mwezi mwandamo, au ua la waridi, vikapakwa rangi zinazogombana, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Juu ya hanamu, pale mti wa mbele unapoishia, kichwa hupewa umbo lake. Nyuma, ubao bapa unaoifunga shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, hupata pambo kubwa kuliko yote: ukingo wa mnyororo au wa kamba iliyosokotwa, majani yanayotambaa kutoka pembe moja hadi nyingine, jina la chombo, na pengine dua. Mbao za mabega ya shetri, zile unazoziona chombo kinapokupita ubavuni, hupewa mstari mmoja au miwili inayofuata ukingo. Kichwa cha usukani, ambamo huingia kana, yaani mpini wa kuugeuzia, nacho hakiachwi kitupu na fundi anayejiheshimu.

Ukizitazama sehemu hizo moja baada ya nyingine utagundua kwamba karibu zote ni mahali ambapo mti unakoma. Ncha ya mti uliokatwa ndiyo hunywa maji mwanzo, na ndiyo huanza kupasuka na kuoza. Mbao zinapokutana kwenye kona huacha vichwa vya mbao wazi, na vichwa hivyo havina budi kufunikwa. Kichwa cha hanamu kikiviringishwa vizuri humwaga mvua na mawimbi badala ya kuyaweka. Ubao wa pembeni ulio juu ya shetri hufunika vichwa vya mbao za ubavu, na ukichakaa hung'olewa ukatiwa mwingine pasipo kuugusa mwili wa chombo. Mchongaji alifika mahali ambapo muundaji alikuwa tayari ana kazi ya kufanya, akaifanya kazi hiyo iwe na sura. Macho peke yake ndiyo yasiyofunika kitu, na labda ndiyo sababu yamebebeshwa maana nyingi kuliko sehemu nyingine: wapo wasemao chombo kinatiwa macho ili kione njia, na wapo wasemao ni kinga ya kijicho. Mimi sina haja ya kuamua kati yao, maana nahodha mmoja anaweza kukupa majibu yote mawili katika mazungumzo yale yale.

Kuhusu kina cha nakshi, naomba nieleze kidogo, kwa sababu ndipo tofauti kati ya mlango na chombo inapoonekana wazi. Fundi huupiga randa ubao wa msaji au mbambakofi, hupata katikati yake kwa uzi, huchora maduara kwa bikari, kisha huanza kuondoa mti kwa patasi nyembamba akitokea kwenye mstari, si akielekea kwenye mstari, ili patasi ikiteleza iharibu kile ambacho hata hivyo kilikuwa kinaondolewa. Mpaka hapo mchonga milango angeweza kuifanya kazi hiyo. Lakini mchonga milango anaruhusiwa kuchimba mpaka maua yasimame na kutupa kivuli, kwa kuwa mlango unakaa chini ya kizingiti, umekingwa na ukuta mnene, na anayeutazama yuko umbali wa mkono. Nakshi ya chombo ikichimbwa hivyo, shimo la chini ya kila jani litatuamisha maji ya chumvi, kamba na nyavu zitanasa kwenye ncha, na baada ya misimu michache kusugukana na gati kutabakisha mabaki tu. Kwa hiyo fundi wa vyombo huchonga kwa kina kidogo, hulaza kingo za chini zielekee nje ili maji yateremke, na hufanya maumbo makubwa ambayo mtu aliye upande wa pili wa bandari ataweza kuyatambua. Kile ambacho mlango hukipata kwa kivuli, chombo hukipata kwa rangi, na ndiyo maana rangi ya chombo haiwezi kutengwa na patasi.

Kuna na suala la mpindo. Ubao wa omo umejikunja ukajipinda pia, na duara lililochorwa juu ya meza huonekana limelala upande mara tu linapogongomewa mahali pake. Fundi mzoefu huchora nakshi akiwa amesimama mbali na chombo, humtuma mwanafunzi aende na chaki, na humrekebisha kwa sauti mpaka macho mawili yatazame mbele kwa pamoja. Nimewahi kukiona chombo chenye macho yaliyochongwa vizuri sana na mtu ambaye kazi yake ni samani. Jicho moja lilitazama baharini na la pili lilitazama juu, na mabaharia wa jirani hawakuuacha mzaha huo upite.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu kwamba umbo ndilo huamua. Mtepe ulikuwa na mbao zilizoshonwa, na kila mshono ni safu ya matundu, hivyo kwa maoni yangu hapakuwa na nafasi ya kuchimba nakshi ndefu ubavuni bila kuzidhoofisha mbao ambazo tayari zilikuwa zimetobolewa. Pambo lote lilikwenda kwenye kichwa cha omo, kilichotokeza mbele kwa umbo la shingo na kichwa cha ngamia, ambaye wazee wengine walisema ni ngamia wa Mtume, na kwenye michirizi ya rangi, vibendera na vishada. Mitepe ya mwisho iliundwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kichwa kile kilikwenda nayo. Hakikuhamia kwenye jahazi, ambalo hanamu yake, hasa ile ya Lamu inayosimama karibu wima, haina mahali pa kukipokea.

Angalia pia vyombo vilivyotujia kila mwaka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kutoka Ghuba, Oman na Kutch ya India. Bagala, ganja na kotia zilikuwa na shetri pana na bapa, mtindo uliochukuliwa kwenye meli za Ulaya baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, na juu ya ubao huo mpana mafundi wa Kiarabu na wa Kihindi walichonga madirisha, matao na maua kutoka ukingo hadi ukingo. Kotia ilikuwa na kichwa cha kasuku kwenye hanamu, nayo ganja ilijulikana kwa pambo lake la mbele lenye ncha tatu. Anayetaka kuona nilichokieleza anaweza kukiona katika mji wa Sur, Oman, ambako ganja iitwayo Fatah al-Khair, iliyoundwa hapo hapo mwaka 1951, imehifadhiwa. Baadaye bumu likachukua nafasi ya bagala. Bumu limechongoka mbele na nyuma, lilikuwa rahisi na nafuu zaidi kuliunda, na halina ubao bapa wa nyuma. Hakuna mtawala aliyepiga nakshi marufuku, wala wachongaji hawakufa kwa tauni. Waliendelea kuchonga milango na masanduku katika miji ile ile. Ubao wa kuchonga ndio uliotoweka, na sanaa nzima ya shetri ikatoweka pamoja nao katika muda wa vizazi vichache.

Jambo hilo hilo linatokea kwetu sasa, na sijaona likiandikwa. Jahazi na mashua zetu nyingi bado zina ubao bapa wa nyuma, na ubao huo ndio uliokuwa hazina ya nakshi zetu. Injini ya kufunga nyuma imeufanya ubao huo uwe na kazi mpya. Ili injini ikae na propela izame vya kutosha, ubao hukatwa katikati, hushushwa, kisha hutiwa ubao mwingine mnene kwa ndani ili ubebe uzito na mtetemo. Sehemu inayokatwa ndiyo ile ya juu ya kati, ambapo waridi kubwa hukaa na jina huanza. Mabaki ya pande mbili huachwa yakiwa hayana maana, na chombo kinapotengenezwa tena mwenye chombo haoni sababu ya kulipia nakshi iliyokwisha kukatwa vipande viwili. Halafu huja nambari ya usajili, ambayo ni ya lazima na ni ya haki, lakini ambayo nimeiona ikipakwa kwa brashi nene juu ya ukingo uliochongwa, ingawa palikuwa na nafasi tupu shubiri moja chini yake.

Sisemi injini ziondoke. Mvuvi mwenye injini huwahi soko samaki wakiwa wabichi, na mgonjwa wa kisiwani hufika hospitali hata upepo ukiwa umelala. Anayewaambia watu hao warudie tanga kwa ajili ya waridi la mbao hajui anachokisema. Ninachosema ni kwamba kuna njia ya kufunga injini bila kuukata ubao wote. Wapo mafundi wanaofunga kitako cha injini upande mmoja wa shetri, na chombo huendeshwa vizuri. Wapo wengine ambao, wakijua tangu mwanzo kwamba chombo kitatiwa injini, wanaweza kulihamisha pambo kuu kwenye mabega ya shetri, ambako lina urefu wa kutosha na ambako linaonekana vizuri zaidi na mtu aliyesimama gatini. Hayo ni mambo ya kuamuliwa siku ambayo mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, unalazwa. Yakisubiri mpaka siku ya kushua chombo, yamekwisha chelewa, na hapo ndipo dhana ya urembo wa kubandika inapotugharimu.

Wako watakaonijibu kwamba adui halisi ni boti za faiba na uhaba wa mbao. Ni kweli kwamba faiba haichongwi, na ni kweli kwamba mbambakofi na mvule mnene haupatikani kama zamani, na kwamba serikali ilipositisha ukataji wa miti Februari 2018, mikoko ikiwemo, waunda vyombo wa Lamu walionja ugumu wa kupata mataruma, yaani mbavu za chombo. Lakini uhaba wa mbao hauelezi kila kitu. Macho mawili ya chombo hutoka kwenye kipande cha ubao ambacho seremala wa samani angekitupa, na ubao wa ukingo wa shetri ni mdogo kuliko mguu wa kitanda. Kama tatizo lingekuwa mbao peke yake, nakshi zingekuwa za mwisho kutoweka.

Na hayo macho yana kisa chao. Siku hizi mgeni anayetembea katika mitaa ya Lamu atayaona macho ya jahazi yakiuzwa madukani, mengine yametolewa kweli kwenye vyombo vilivyovunjwa, mengi yamechongwa jana kwa ajili ya kutundikwa ukutani. Sioni dhambi katika biashara hiyo, na inamlisha mchongaji na watoto wake. Ina athari moja tu inayonitia wasiwasi. Jicho la ukutani halihitaji kujua mpindo wa omo, halihitaji kutazamana na mwenzake, halihitaji kustahimili chumvi, na kwa kuwa hutazamwa kwa karibu linachongwa kwa undani na utitiri wa mambo madogo madogo. Kijana anayejifunza kwa kuchonga macho ya dukani hujifunza sanaa nyingine kabisa, nzuri kwa njia yake, kisha siku akiitwa kwenye chombo huchonga kama anavyochonga kwa duka. Mwandishi wa makala aliziona bidhaa hizo, nadhani, na ndiyo maana akaandika kuhusu wageni.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenye mamlaka wanisikilize. Sheria yetu ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inapotaja kitu kinacholindwa, inataja kwa jina milango na miimo ya milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Waliouandika ulinzi huo walijua kwamba milango ilikuwa iking'olewa na kuuzwa nje, na nawashukuru, kwa kuwa bila ulinzi huo mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, ungekuwa na matundu mengi ukutani. Lakini ubao wa shetri, uliochongwa na mkono ule ule na pengine kwa ruwaza ile ile ya mnyororo, hautajwi popote. Nyumba ina anwani na mkaguzi anaweza kurudi mwakani akaikuta pale pale. Chombo leo kiko Lamu, kesho Mombasa, keshokutwa kimelala kwenye tope la mkono wa bahari kikingoja kuwa kuni.

Sheria hiyo hiyo inampa waziri anayehusika uwezo wa kutangaza vitu vya aina nyingine kuwa vitu vinavyolindwa. Naomba uwezo huo utumike kwa nakshi za vyombo, na naomba usinakiliwe mwaka 1946 pamoja nao. Mlango ukitunzwa hukaa karne mbili. Chombo kinachofanya kazi hubadilishwa mbao moja baada ya nyingine na hatimaye huisha, kwa hiyo tarehe hiyo ikiwekwa kwa vyombo italinda karibu hewa tupu. Kigezo kiwe kwamba nakshi ilichongwa kwa ajili ya chombo kilichoingia majini. Na ulinzi usimaanishe kumkataza mwenye chombo kukivunja au kukiuza, maana huyo hajafanya kosa lolote. Umaanishe kwamba kabla ya kukivunja anatoa taarifa, na makumbusho inapata nafasi ya kwanza ya kupiga picha, kupima, na ikibidi kuununua ubao huo kwa bei ya haki.

Kuna sheria nyingine ambayo haihitaji kusubiri Nairobi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la maarifa hayo. Kaunti za Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa na Kwale zina waunda vyombo, na watu wa Matondoni, Kizingitini na Faza hawahitaji kufundishwa na mtu wa mbali nini cha kuandikwa katika daftari hilo. Wakae na maofisa wa kaunti, waseme ruwaza gani ni ya wapi, nani alimfundisha nani, mti gani unakubali patasi na upi unaikataa, na yaandikwe kwa maneno yao wenyewe. Itakuwa aibu iwapo daftari litajaa ngoma na vyakula, ambavyo navyo vina haki yake, na lisiwe na ukurasa hata mmoja wa chombo.

Nimetanguliza kupiga picha na kupima, nami sikutanguliza kukusanya, kwa sababu maalumu. Mwaka 1628 meli ya kivita ya Uswidi iitwayo Vasa ilizama mjini Stockholm katika safari yake ya kwanza, ikiwa na mamia ya sanamu na nakshi za mbao. Ilipoopolewa mwaka 1961 misumari ya chuma iliyozishika nakshi hizo ilikuwa imekwisha liwa na kutu zamani, nazo zilikuwa zimeanguka matopeni kuizunguka meli. Mbao zenyewe zilikuwa nzima kwa kiwango cha kushangaza; kujua kila kipande kilikuwa kimekaa wapi, na kilikuwa na rangi gani, ndiko kulikowachukua wataalamu miaka na miaka ya kazi. Ubao wa shetri uliotundikwa ukutani bila maelezo uko katika hali hiyo hiyo. Haujulikani ulikuwa wa chombo gani, wa urefu gani, ulisimama kwa mwinamo gani, na kwa hiyo fundi wa kesho hawezi kuutumia kuundia kitu. Picha ya nyuma, ya ubavuni na ya mbele, vipimo vichache kwa futi ya kawaida, jina la bandari na jina la fundi kama yuko tayari kutajwa, hivyo vinatosha, na vinaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya upili mwenye simu.

Wala tusidhani kwamba kitu kikishaingia nyumba kubwa kimesalimika. Unguja waliunda upya mtepe mwaka 2003 na kuuweka ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la kale lililofanywa makumbusho, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu. Nakala za maandishi na picha zinazokaa mahali kadhaa ni bima ambayo hakuna jengo moja linaloweza kuitoa.

Mataifa mengine yamekwisha tembea njia hii. Indonesia iliandikisha ufundi wa kuunda vyombo vya pinisi wa Sulawesi Kusini katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika mwaka 2017, na nchi za Ulaya ya Kaskazini zikafuata mwaka 2021 na mashua zao ambazo mbao zake hupandana. Ningefurahi kuona Kenya na Tanzania zikipeleka ombi la pamoja, kwa kuwa jahazi halijawahi kuuliza mpaka uko wapi. Lakini cheti hakichongi. Kilichonivutia katika mifano hiyo ni kwamba kilichoandikishwa ni ufundi mzima wa kuunda, kuanzia kuuchagua mti mpaka kushua, na pambo limo ndani yake bila kutengwa. Ombi letu likija kuandikwa, naomba lisiwe na sura moja ya uundaji na nyingine ya nakshi kana kwamba ni idara mbili.

Kuhusu mashindano ya mashua, ambayo Lamu huyapenda kuliko karibu kitu kingine chochote, nina pendekezo dogo. Kasi ipewe zawadi yake kama kawaida. Iongezwe zawadi ya chombo kilichochongwa vizuri, na waamuzi wake wawe mafundi wazee na manahodha, wasiwe wafadhili. Sharti liwe kwamba nakshi imechongwa kwa ajili ya chombo kile, iko mahali pake, na chombo kimefanya kazi ya uvuvi au ya mizigo katika mwaka uliotangulia. Sharti la mwisho nalisisitiza kwa makusudi, vinginevyo zawadi zote zitachukuliwa na vyombo vya hoteli, ambavyo vina fedha za kupaka rangi kila mwezi.

Msomaji mmoja atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama ninataka kumtwika mvuvi maskini gharama ya nakshi. Sitaki. Hata zamani dau la kuvulia lilikuwa na macho tu, au halikuwa na kitu. Nakshi nyingi zilikuwa za vyombo vya matajiri waliofanya biashara ya masafa, ambao kwao shetri iliyochongwa ilikuwa dhamana ya jina lao kila bandari waliyotia nanga. Matajiri wa leo wa baharini ni wamiliki wa vyombo vya watalii, kampuni za uchukuzi, na serikali zenyewe zinapoagiza vyombo vya mbao. Hao ndio wanaopaswa kuandika katika mkataba wao na fundi, kabla mkuku haujalazwa, kwamba chombo kitakuwa na macho, kichwa cha hanamu na mbao za shetri zilizochongwa, na malipo ya mchongaji yatajwe peke yake ili yasimezwe na bei ya misumari.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Tenga robo ya ukurasa, mara moja kwa mwezi, kwa picha ya nakshi ya chombo kimoja kinachofanya kazi leo katika bandari zetu, pamoja na jina la chombo, mahali kilipoundwa na maelezo mafupi ya fundi wake. Wasomaji wa Pwani watakuletea picha hizo bila malipo, na wa kwanza kuleta nitakuwa mimi: ni ya jahazi ambalo mwenyewe ameniarifu kwamba litavunjwa baada ya kusi hii, na ubao wake wa shetri bado haujakatwa.

Msomaji wenu,
Lamu